Penseli ya Mpimaji

Kazi ya kupima ubora wa darasa la chekechea huanza kabla mtoto hata mmoja hajafika. Afisa ninayemfuata leo, mama aliyefundisha watoto wadogo miaka mingi kabla ya kupewa jukumu la kukagua vituo, anashuka kwenye bodaboda mbali kidogo na kituo, analipa, kisha anatembea kipande kilichobaki. Anataka kupita njia ile ile wanayopita watoto. Tuko Konoin, katika Kaunti ya Bomet, kwenye miinuko inayopanda kuelekea Msitu wa Mau. Kulia na kushoto ni chai tupu, imepogolewa ikafika usawa wa kiuno, na wachumaji wameshaingia kazini, vikapu mgongoni, aproni za plastiki zikiwakinga na umande. Afisa anatazama mtaro wa maji, ubao uliotandazwa juu yake, na mahali njia inapokatiza barabara ya malori yanayobeba majani mabichi kwenda kiwandani. Anaandika kwa penseli. Huku mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na wino hutapakaa karatasi ikilowa. Penseli hustahimili.

Kituoni anaanzia nyuma, kwenye vyoo. Anafungua kila mlango, si mmoja kwa niaba ya mingine. Anatazama ukubwa wa tundu, kwa kuwa mtoto wa miaka minne anayeogopa kutumbukia hujizuia asubuhi nzima, na mtoto anayejizuia hasikii anachofundishwa. Anaangalia kama komeo linafunguka kwa kidole kidogo. Mbele ya jerikeni la kunawia, lililotobolewa tundu na kuning'inizwa kwenye nguzo, anachuchumaa hadi kichwa chake kiwe kwenye kimo cha mtoto, ananyoosha mkono. Maji anayafikia. Sabuni imewekwa juu ya nguzo, na mkono haufiki. Anaandika: maji, ndiyo, sabuni ipo, mtoto haifikii. Angekuwa na haraka angeweka alama ya ndiyo na kuendelea, maana sabuni ipo kweli.

Ndani ya darasa anafanya jambo ambalo sikulitarajia. Anavua viatu, anaketi kwenye mkeka, mahali pa mtoto, na kunyamaza kidogo. Kisha anahamia mkeka mwingine, na mwingine. Kutoka pale chini chumba hubadilika. Chati ya herufi iliyoonekana nzuri tuliposimama mlangoni sasa iko juu mno, na mwanga wa dirishani unaipiga uso ikawa weupe mtupu. Chati ya wanyama, iliyochorwa na mwalimu kwenye manila na kubandikwa chini karibu na sakafu, inasomeka vizuri, na pembe zake zimechakaa kwa kuguswa. Afisa anagusa pembe hizo. Kwake uchakavu ule ni ushahidi: chati hii hutumika. Ile ya juu ni safi kama siku iliponunuliwa.

Ipo sababu ya kusisitiza tofauti hiyo. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Tangu zilipoanza kazi mwaka 2013, Bomet na jirani yake Kericho zimejenga madarasa na kuajiri walimu vijijini ambako zamani mzazi alichanga kidogo kidogo ili mwalimu apate chochote. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, miaka miwili ya chekechea, yaani PP1 na PP2, ikapata nafasi yake rasmi kwa watoto wa miaka minne na mitano. Hayo ni mafanikio makubwa na ni haki kuyasema. Lakini majengo huhesabika kwa urahisi. Madawati, vyoo, walimu wenye vyeti, vitabu, vyote vina idadi, na idadi hujaza ripoti. Kinachopita kati ya mwalimu na mtoto ndani ya jengo hilo hakina idadi mpaka aje mtu wa kukaa chini na kutazama.

Ufundi wa kutazama hivyo una historia. Mwaka 1980 Thelma Harms na Richard Clifford, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani, walitoa kipimo cha mazingira ya watoto wadogo kinachoitwa ECERS, chenye vipengele vingi, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 1 hadi 7. Kilisambaa duniani. Kilizaliwa, hata hivyo, katika vyumba vyenye rafu zilizojaa midoli, na ukikileta kilivyo kwenye darasa la mabati utapima umaskini wa kijiji na kudhani umempima mwalimu. Watu wa Pwani yetu waliligundua hilo mapema. Mpango wa chekechea za madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 chini ya Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda, ulijenga madarasa yake juu ya vitu vya hapohapo: vifuu, kokwa, mikeka, hadithi za mabibi. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipowapima watoto wa mpango huo katika nchi zote tatu, wakachapisha matokeo mwaka 2008, watoto wa madrasa walikuwa wamepiga hatua kubwa kuliko wenzao wa chekechea nyingine, na hao nao waliwapita waliobaki nyumbani. Kipimo cha ECERS walikitumia pia, baada ya kukirekebisha. Kukirekebisha kipimo bila kukilegeza ni kazi ngumu, na sehemu kubwa ya asubuhi hii nimemwona afisa akiifanya kimya kimya, kipengele kwa kipengele.

Watoto wanaingia saa mbili. Wengine wameletwa na kaka zao wanaopitiliza kwenda shule ya msingi. Mama zao wako kwenye chai tangu alfajiri. Mwalimu amesimama mlangoni, ameinamisha goti moja. Simu haimo mkononi, rejista ameiacha mezani. Kila mtoto anayepita anasikia jina lake. Mmoja anasalimiwa kwa Kipsigis, wa pili kwa Kiswahili, wa tatu, ambaye wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma, anaulizwa jambo kwa maneno mawili matatu ya Ekegusii na uso unamfunguka. Sera ya nchi inataka mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Kwenye vijiji vya hapa lugha hiyo ni Kipsigis. Ukikaribia kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ni Kiswahili kilichochanganyika na lugha nyingi za nyumbani. Mwalimu huyu anapokea watoto wa pande zote mbili, na amejifunza kubadilisha lugha kulingana na uso ulio mbele yake.

Hapo ndipo penseli inapoanza kazi yenyewe, na ningependa mtu yeyote anayedhani ukaguzi ni kuweka alama za vyema kwenye fomu aje aone. Ukurasa umegawanywa sehemu mbili. Kushoto ni saa. Kulia ni kilichotokea. Sifa hazina nafasi. Haandiki kwamba mwalimu ana upendo, wala kwamba watoto wamechangamka. Anaandika: ameinama, macho yake usawa wa mtoto, ametaja jina, mtoto amecheka. Anaandika: mvulana mwenye sweta ya kijani amefika amelowa, mwalimu amemvua sweta, ameitundika, amempa leso ajifunike. Fomu ya alama iko ndani ya mkoba, imefungwa, na haitatoka hadi watoto waondoke. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa sauti ya chini bila kuacha kutazama: "Ukishaweka alama, macho yanaanza kuitetea."

Wataalamu wa vipimo wamelijua tatizo la namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1920 Edward Thorndike alionyesha jinsi mtu anavyompenda mwenzake kwa jambo moja halafu akampa alama nzuri kwa mengine yote ambayo hakuyachunguza. Mwalimu mcheshi atapewa alama ya juu ya hisabati. Mwalimu mpole, asiye na maneno mengi, ataonekana dhaifu hata pale anapofundisha vizuri kuliko wote. Kinga moja ni kuandika tendo kwanza na kuhukumu baadaye.

Somo la hisabati linafanyika sakafuni. Mwalimu anashusha ndoo ya mafuta ya Kasuku kutoka kwenye rafu na kumimina vizibo vya soda katikati ya duara. Naokota kimoja. Kingo zote zimekunjwa ndani na kugongwa kwa nyundo, moja baada ya nyingine, hadi ukipitisha kidole hukwaruziki. Vimechemshwa na kukaushwa juani. Kwenye ndoo ya pili kuna magunzi ya mahindi yaliyokatwa vipande vya urefu mmoja kwa msumeno, nyuso zikasuguliwa kwa jiwe. Ya tatu ina mbegu na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa uzi wa katani. Mwalimu ananiambia vizibo huviokota madukani sokoni, na kazi ya kuvikunja huifanya jioni, akiwa amekaa na mama mkwe wake wakisubiri chakula. Hakuna fomu ninayoijua yenye kisanduku cha jioni hizo. Afisa ameziandika hata hivyo, pembeni mwa ukurasa: vifaa vimetengenezwa na mwalimu, kingo salama, vinatosha kila mtoto.

Watoto wanapanga vitano vitano mbele yao. Agenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Halafu moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwalimu anahama kutoka kwa mtoto hadi mtoto akiwa amechuchumaa. Kwa msichana mmoja mdogo mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake anasimama.

"Mama, ukinipa mimi kimoja, wewe utabaki na vingapi?"

Msichana anatazama vizibo. Hasemi kitu. Sekunde moja, mbili. Mvulana wa pembeni anafungua mdomo. Mwalimu, bila kugeuka, anainua kiganja upande wake na mvulana anameza jibu. Sekunde ya tatu, ya nne. Mwalimu harudii swali. Hamsukumi kwa "haya, sema," wala hamwonyeshi vidole vinne. Amelegeza mabega, anatazama vizibo anavyovitazama mtoto. Msichana anasukuma kizibo kimoja taratibu kuelekea kwa mwalimu, anavigusa vilivyobaki kimoja kimoja, midomo ikicheza.

"Ang'wan."

"Ang'wan," anasema mwalimu. "Vinne. Umejuaje?"

Na anasubiri tena.

Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu humpa mtoto baada ya kumuuliza swali. Alikuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu, kisha mwalimu hurudia, humpa mwingine nafasi, au hujibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na maswali ya watoto wenyewe yakaongezeka. Sekunde tatu ni kitu kidogo kukitaja. Kukifanya mbele ya watoto 34, huku mlango ukifunguka, mvulana akiwaka kwa jibu, na afisa ameketi pembeni na karatasi, kunahitaji mtu aliyeushinda moyo wake mara nyingi. Nilijaribu kungoja pamoja naye na koo likaniwasha kutaka kumsaidia yule mtoto. Mwalimu hakutikisika. "Umejuaje" ndilo lililonivutia zaidi. Jibu lilikuwa limeshapatikana na mwalimu wa kawaida angepiga makofi na kwenda mbele. Yeye alitaka kusikia njia. Msichana akaeleza kwa vidole, nusu Kipsigis nusu Kiswahili, na kwenye karatasi ya afisa ikaingia mistari minne iliyoandikwa kwa kasi: swali, kungoja, mtoto katenda, mwalimu kauliza sababu.

Afisa ana karatasi nyingine chini ya ile ya kwanza, na hii niliigundua nikiwa nimechelewa. Ni mchoro wa chumba: mlango, dirisha, ubao, duara ndogo moja kwa kila mtoto mahali alipoketi. Kila mara mwalimu anaposema na mtoto mmoja mmoja, afisa anaweka mstari mfupi ndani ya duara lake. Swali ni mstari uliosimama, sifa ni mstari uliolala, karipio ni nukta. Mkono wake hufanya hivi bila macho kushuka kwenye karatasi. Nilimtazama akiweka mistari mitatu mfululizo akiwa anatazama upande mwingine kabisa, na yote ikaangukia ndani ya duara husika.

Wakati wa uji wakaguzi wengi hufunga daftari. Huyu hufungua ukurasa mpya. Malezi na masomo haviachani katika umri huu, na ukitaka kujua kama mtoto anatunzwa, tazama anavyolishwa. Uji wa mahindi na wimbi unakuja kwenye sufuria, vikombe vya plastiki vya rangi mbalimbali vinapangwa. Mwalimu anauonja kwanza kwa kijiko. Anangoja upoe. Anawaita wanne wanne kunawa, na hapo afisa anaona mwalimu akishusha sabuni kutoka juu ya nguzo na kuishika mkononi, akimpa kila mtoto. Anarudi kwenye ukurasa wa asubuhi, na chini ya "mtoto haifikii" anaongeza: wakati wa uji mwalimu huishika. Hafuti la kwanza. Yote mawili ni kweli. Watoto wanakunywa wakizungumza, na mwalimu ameketi kati yao na kikombe chake, anauliza nani ameona ndama wa jirani.

Vituo vinavyolea walio chini ya miaka mitatu, kama vile ambavyo mashamba makubwa ya chai Kericho yameviweka kwa ajili ya watoto wa wachumaji, hudai macho ya namna nyingine. Hapo unatazama mtoto anapolia inachukua muda gani kabla mlezi hajamfikia, anambebaje, anasema naye anapombadilisha nguo au anambadilisha kimya kama anafunga mzigo. Na maendeleo ya mtoto mwenyewe hupimwa kwa matendo: anakaa, anasimama, anashika kitu kidogo kwa vidole viwili. Mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake wa Kilifi walichapisha kipimo chao, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35 wa vijiji vya Pwani, kwa vitu ambavyo mtoto wa pale anavijua. Ni kazi ya kujivunia. Mtoto ambaye hajawahi kuona mchezo wa kupachika vipande vya mbao hatakiwi kuhukumiwa kwa mchezo huo.

Baada ya uji afisa anachagua watoto wachache kwa kura ya vijiti ili awapime mmoja mmoja. Anatandika mkeka chini ya mti, mbali na masikio ya wengine. Hamketishi mtoto mbele yake. Anaketi ubavuni, wote wakitazama upande mmoja. Wa kwanza ni mvulana mwenye sweta ya kijani, ambayo imeanza kukauka. Anaombwa kurukaruka kwa mguu mmoja, anaruka. Anaombwa kuchora mraba kwa kuuiga, anauchora na pembe moja inamtoroka. Anaombwa kutaja vitu ambavyo mtu anaweza kununua sokoni, na hapo ananyamaza.

Fomu ya kumpima mtoto inasema asipojibu andika sifuri. Afisa haandiki. Anaiweka penseli chini na kusema, "Tangoch!"

Mvulana anageuka kama aliyeitwa jina. "Chong!"

Ndivyo kitendawili kinavyofunguliwa huku. Wanateguliana viwili, mvulana anakosa kimoja, anacheka, na baada ya hapo soko linamiminika: sukuma wiki, viazi, sukari, kuku, sotet. Sotet ni kibuyu cha kuhifadhia maziwa ya mursik, na hakimo kwenye orodha ya mifano iliyochapishwa. Afisa anakihesabu. Anaandika pia kwamba jibu lilikuja baada ya kumtuliza mtoto, ili anayesoma matokeo ajue njia iliyotumika. Hataki kumwongezea mtoto alama asizostahili. Hataki tu hofu ya mtoto isomwe kuwa ujinga.

Kuna hatua moja ambayo leo haikufanyika lakini ndiyo mhimili wa ufundi huu. Kabla afisa hajaruhusiwa kukagua peke yake, huketi darasa moja na mwenzake, kila mmoja pembe yake, bila kuchunguliana karatasi. Jioni hulinganisha. Tofauti ya alama moja huvumilika; tofauti ya mbili hufungua mjadala, na mjadala wenyewe hurudi kwenye maandishi: wewe uliona nini, mimi niliona nini, saa ngapi. Kukubaliana mara nyingi si ushahidi tosha, kwa kuwa watu wawili wanaobahatisha nao hukubaliana mara kadhaa, na ndiyo maana mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa hesabu ya kuondoa makubaliano ya bahati kabla ya kuamua kama wapimaji wanaona kitu kimoja. Afisa huyu aliniambia kwamba siku zake za mafunzo alibishana na mwenzake alasiri nzima kuhusu tendo moja: mwalimu alimkumbatia mtoto aliyekuwa akilia, au alimshika ili anyamaze? Walikumbuka mikono ya mwalimu. Mmoja alikuwa ameandika "viganja vimefunguka". Hilo likaamua.

Watoto wanapoondoka fomu ya alama inatolewa. Afisa anatandaza kurasa zake zote mezani na kuanza kuzichambua, anavyofanya karani wa kituo cha kununulia chai anapomwaga majani ya mkulima juu ya meza na kutenga yenye majani mawili na chipukizi upande huu, yaliyokomaa upande ule, kabla ya kutazama mizani. Kila alama anayoiweka anaiandikia saa ya tendo linaloitetea. Kipengele kisicho na tendo hakipati alama. Kwa maswali na kungoja, mwalimu anapata alama ya juu sana. Kwa vifaa, juu. Kwa chati zilizo ukutani, katikati. Kisha anavuta ule mchoro wa duara.

Mwalimu ameketi mkabala naye. Afisa hasemi alama. Anausukuma mchoro mbele yake na kungoja, na nikatambua kungoja kule. Ni kule kule kwa sekunde za vizibo. Mwalimu anatazama. Duara za upande wa mlango zimejaa mistari. Upande wa dirishani, tisa hazina kitu.

"Hawa sikuwauliza," anasema mwalimu baada ya muda.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Anafikiri. Anasimama, anakwenda mahali alipokuwa amesimama asubuhi, anageuka. "Nilikuwa nawaangalia wanaochelewa. Mlango uko huku, mwili wangu wote unaelekea huku." Anahama hatua chache, anasimama kati ya dirisha na ubao, anatazama chumba kutoka hapo. "Nikikaa hapa nitaona mlango na hawa pia."

Afisa anaandika maneno yake kama alivyoyasema. Walimu wengi wa chekechea wanafanya kazi kwa mkataba wa kaunti, na ukaguzi kwao umekuwa na harufu ya kufutwa kazi. Naamini mwalimu anayeoneshwa mchoro badala ya kusomewa hukumu hurudi darasani akiwa na jambo la kufanya kesho asubuhi.

Halafu mwalimu anaweka kidole kwenye duara moja kati ya zile tisa. "Huyu lakini, Madam, nilisema naye. Alipofika, mlangoni. Nilimuuliza kuhusu mdogo wake aliyelazwa."

Afisa anarudi kwenye ukurasa wa saa mbili. Anafuata mistari kwa penseli, anafika mahali palipo wazi. Dakika zile alikuwa ametoka kuangalia kama jerikeni limejazwa upya. Hakuna maandishi. Mimi nilikuwa karibu na mlango, na nilimsikia mwalimu akimuuliza mtoto huyo kitu, ila kwa Kipsigis ambacho sikukielewa. Nasema hivyo, na afisa anatikisa kichwa kwa upole. Mimi si mpimaji. Anafungua kipengele cha kumpokea kila mtoto, ambacho alikuwa ameshakipa 5, anaifuta ile 5 kwa raba hadi karatasi ibaki nyeupe, na kwenye nafasi ya maelezo anaandika: sikuona. Hapandishi hadi 6 kwa kuwa mwalimu amesema, wala haachi 5 kwa kuwa ameshaiandika.

Fomu za ofisini haziruhusu kisanduku kitupu. Kwa hiyo wanakubaliana siku nyingine, siku ya soko, watoto wanapochelewa kufika na mlango unapokuwa na kazi nyingi, na afisa atasimama hapo mlangoni tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mpaka wakati huo ripoti ya kituo hiki haitapelekwa makao makuu ya kaunti. Ameandika hivyo pia, pamoja na tarehe, na amempa mwalimu nakala aitie sahihi.